Mjadala: Mwanafunzi wa uhandisi asome usimamizi wa michakato ya kazi, au tuwaachie watu wa biashara?

Mleta mada, Unga Limited (Arusha)

Wakuu, salaam. Nina karakana ndogo hapa Unga Limited. Tunakereza shafti na bushi, tunachomelea, tunatengeneza vipuri vya mashine za kusaga na za kumenya kahawa. Kila mwaka napokea vijana wa mafunzo kwa vitendo, na wengi kazi wanaijua. Mpe mchoro, kitu kitatoka. Ila muulize kwa nini kazi ya saa tatu imekaa siku tisa ndipo mteja akaichukua, anakutazama tu.

Simcheki, maana hata mimi sikujua. Mwaka jana nilifuatilia shafti moja kwa daftari. Mashine iliishika saa tatu na nusu. Muda uliobaki ilikuwa inasubiri: profoma (karatasi ya bei anayopewa mteja kabla ya kazi) iandikwe, mteja alete malipo ya awali, chuma kinunuliwe, mkagua vipimo arudi toka msibani. Na kabla ya kupima hayo nilishakopa nikanunua mashine ya pili ya kukereza. Foleni haikusogea, kwa sababu profoma zote naandika mimi, usiku, nikisinzia.

Kuna hesabu ya mstari mmoja ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961: kazi zilizomo ndani ni sawa na zinazotoka kwa siku, mara siku ambazo kila kazi inakaa. Ukiwa na kazi 24 karakanani na zinatoka 4 kwa siku, kila moja itakaa wastani wa siku 6, ugombe usigombe. Chuoni nimekeshea hesabu ngumu mara kumi ya hiyo, lakini hii niliikuta ukubwani, na deni la benki mkononi.

Hoja yangu: somo hili la usimamizi wa michakato ya kazi, yaani kufuatilia kazi inapita wapi na inasubiri wapi, liwe la lazima kwa kila anayesoma shahada ya uhandisi, mitambo, umeme au ujenzi, mwaka wa tatu. Pingeni.

Mwalimu, Njiro

Mkuu, napinga. Kila mwaka anakuja mtu na somo lake la lazima: ujasiriamali, stadi za mawasiliano, sasa hili. Wiki za muhula ni zilezile. Tukiliingiza, tunatoa lipi? Mitetemo ya mashine? Mhitimu ana mpango wa mafunzo kazini wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, miaka 3. Foleni na profoma atazikuta huko. Tena tusidanganyane, dawa ya tatizo lako ni karani. Ajiri mmoja.

Mwanafunzi, mwaka wa nne

Shikamooni. Sisi tumelisoma, lilikuwa la hiari. Mfano ulikuwa mmoja tu muhula mzima: mteja anaomba mkopo benki. Tulichora maboksi na mishale kwa alama za BPMN, zile za kimataifa za kuchora hatua za kazi, ambazo toleo lake la 2.0 lilitoka 2011. Kwenye mtihani tukaulizwa almasi (alama ya njia panda) yenye X inatofautianaje na yenye alama ya kujumlisha. (Ya X unapita njia moja tu, ya kujumlisha zinakwenda zote kwa pamoja.) Nilipata A. Sijawahi kusimama popote na saa nikapima kitu.

Mama Kahawa, Kibosho

Mwanangu umesema kweli, na mleta mada naye asikilizwe. Mimi nipo kwenye chama cha msingi, tuna mashine ya pamoja ya kumenya. Kahawa mbivu ikichumwa asubuhi inatakiwa imenywe siku hiyohiyo, ikilala inachacha na ubora unashuka. Msimu mmoja foleni ikawa inafika barabarani. Akaletwa mhandisi, kijana mzuri kabisa, akapendekeza mashine kubwa zaidi. Akina mama tulikuwa tunamwambia foleni ipo kwenye mzani: mzani mmoja, na anayepima ndiye anayeandika jina la mkulima, kilo, na risiti. Mashine ilikuwa inazunguka tupu! Tulimweka binti mmoja wa kuandika tu, mwingine akapima. Jioni ile tulifunga kabla ya magharibi. Sasa Mwalimu, huyo kijana alikosa karani au alikosa jicho?

Mstaafu, Moshi mjini

Dada yangu wa Kibosho kamaliza. Ila nawaonya na upande wa pili. Mwaka 1990 Michael Hammer, mtaalamu wa Marekani, aliandika kwenye jarida la Harvard Business Review makala yake ya “reengineering”, yaani kuusuka upya mchakato wa kazi tangu mwanzo, akatoa mfano wa kampuni ya Ford. Idara ya kulipa wauzaji wa vipuri huko Amerika Kaskazini ilikuwa na watu zaidi ya 500, ya Mazda ilikuwa na watu 5. Ford wakaacha kusubiri ankara: mzigo ukifika na ukalingana na oda iliyomo kwenye kompyuta, malipo yanatoka. Wafanyakazi wa idara wakapungua kwa asilimia 75. Nilipoisoma nilishangilia. Baadaye kampuni nyingi zikalifanya neno hilo la “reengineering” kuwa jina la heshima la kufukuza watu, hata Hammer mwenyewe akaja kukiri kwamba upande wa binadamu hakuutilia maanani vya kutosha. Mkilifundisha, fundisheni na hilo.

Mwalimu, Njiro

Mama, shikamoo. Alikosa jicho, nakubali. Lakini jicho halifundishwi kwa slaidi, na kijana hapo juu ni shahidi wangu. Ningeshawishika na kitu kidogo: wiki mbili ndani ya mafunzo kwa vitendo, mwanafunzi afuate kazi moja tangu oda hadi malipo, alete jedwali la dakika. Hapo sihitaji kufuta somo lolote.

Mleta mada

Mwalimu, wiki mbili nazipokea, la lazima naliondoa kwa wa ujenzi na umeme tu. Wa mitambo sibanduki. Na karani nimeshaajiri, tangu Machi. Siku tisa zimekuwa tano. Mbili kati ya hizo tano bado sijui zinapotelea wapi.

Mwanafunzi, mwaka wa nne

Kaka, naweza kuja Jumamosi na saa yangu?

Mleta mada

Njoo saa mbili kamili. Daftari ninalo.