Spea asilia za pikipiki kongwe za Kijapani: Mombasa, Grogan, Dubai au kuagiza Japani?

Kisauni175

Salaam aleikum na hamjambo nyote. Tulinganishe njia za kupata spea za kweli kwa anayefufua pikipiki kongwe ya Mjapani akiwa hapa Mombasa. Tuchukue mbili ziwe mfano: Yamaha DT175 ya mwisho wa miaka ya 1970, na Honda CG125 ya zamani yenye umeme wa volti 6. Njia nizijuazo ni tano. Kuna maduka ya hapa mjini, kuna Kirinyaga Road kule Nairobi (Grogan), kuna Dubai, kuna maduka ya nje yanayouza kwa namba ya spea kama CMSNL ya Uholanzi, David Silver Spares ya Uingereza kwa Honda, au Webike ya Japani. Ya tano ni minada ya Yahoo ya Japani kwa vitu vilivyotumika, kupitia mawakala kama Buyee na ZenMarket.

Naomba mtu aseme njia ipi kwa spea ipi, na sababu yake. "Nenda Grogan hukosi" haitoshi.

Mkerezaji

Wa aleikum salaam. Kabla ya duka, namba. Anayeingia dukani na kusema "nipe pistoni ya DT" atapewa ya DT yoyote iliyo karibu na mkono wa muuzaji.

Yamaha anza na namba ya chesisi. Herufi na tarakimu tatu za mwanzo ndizo jina halisi la modeli: 443 ni DT175 ya 1974 yenye shoku mbili nyuma, 2K4 ni DT175MX ya shoku moja. Ukishajua hapo, fungua mchoro wa vipande wa CMSNL, tafuta modeli yako, usome namba. Pistoni ya saizi ya kawaida ina 11631 katikati ya namba. Ya kuzidi milimita 0.25 (kwa silinda iliyochimbwa kupanuliwa) ni 11635, ya 0.50 ni 11636, ya 0.75 ni 11637, na ya 1.00 ni 11638. Usishtuke ukiona namba inaanza na msimbo wa modeli nyingine. Yamaha huendelea kutumia kipande kilekile kwenye modeli mpya na kukiacha na msimbo wa ile ya kwanza.

Honda wao hupanga kinyume. Tarakimu tano za mwanzo ni aina ya kipande, tatu za kati ni modeli ambayo kipande kilitengenezewa kwanza. 13101 ni pistoni ya kawaida, 13102 ya 0.25, 13103 ya 0.50. Ringi ni 13011, kisha 13021, 13031, hivyo hivyo. Kwenye nafasi ya kati 383 ni CG125, 300 ni CB750 ya kwanza, 323 ni CB500 ya silinda nne. Mtu akikuuzia spea ya "CG" ambayo katikati haina 383, muulize ni ya nini. Yaweza kuwa sawa, kwa kuwa namba hubadilishwa kiwandani na ya zamani ikafutwa, lakini mchoro ndio utakaoamua.

Mwana Cheni

Nikiongezea hapo kwa Mkerezaji, namba hizo hizo ndizo zinazokwambia kipi usiagize nje kabisa. Beringi za Honda huanza 96100, na kinachofuata ni namba ya beringi yenyewe: 96100-62030-00 ni 6203 tu. Yamaha ikiandika 93306-203 na kuendelea, nayo ni 6203. Hiyo unainunua kwenye duka la beringi hapa mjini, za kampuni kama NSK, NTN, Koyo au Nachi, hakuna haja ya kulipia ndege.

Ila angalieni mambo mawili. Beringi za krankishafti zinataka uwazi wa ndani mkubwa, yaani C3 au C4, na imeandikwa pembeni ya beringi. Ukitia ya kawaida, injini ikipata moto beringi inabana, inalia, kisha inakula shafti. Na za magurudumu chukua zenye mpira pande zote mbili, 2RS. Kwa chumvi ya Likoni na Nyali, beringi iliyo wazi haimalizi mvua mbili.

Cheni za zote mbili ni 428. DID na RK zinapatikana hapa, na feki zake pia zinapatikana. Pima kwa rula kutoka pini ya kwanza hadi ya ishirini na moja: 428 ina hatua ya milimita 12.7, kwa hivyo hatua ishirini ziwe 254. Cheni mpya iliyozidi hapo kwa zaidi ya milimita moja, irudishe.

Kisauni175

Na sili za oili? Duka la beringi linazo ukutani, mamia.

Mwana Cheni

Za gurudumu, za shafti ya gia na za kiki, ndiyo, chukua hapo. Sili za Yamaha zinazoanza 93101 au 93102, tarakimu mbili za mwanzo za kundi la pili ni kipenyo cha shafti. Sili yenyewe huwa na vipimo vitatu usoni: ndani, nje, unene.

Za krankishafti ya DT, hapana. Hapo mimi sibishani na mtu. Injini ya mipigo miwili huvuta na kusukuma ndani ya kesi kila mzunguko, na sili ya TC (ya midomo miwili yenye springi) ya kawaida yenye vipimo sawasawa haikutengenezwa kuzuia hilo. Mdomo wake unageuka. Ya upande wa sumaku ikivuja, injini inanyonya hewa, mchanganyiko unapungua petroli, na pistoni inagandamana ukiwa kasi kwenye barabara ya Malindi. Ya upande wa klachi ikivuja inanyonya oili ya gia: moshi mweupe usiokwisha, na oili ya gia inapungua bila tone sakafuni. Hizo mbili agiza kwa namba ya Yamaha. Ni ndogo, zinaingia kwenye bahasha.

Makupa

Nimesoma yote na nakubali, lakini mnaisahau CG125. Kwa CG njia bora si Japani. Atlas Honda ya Pakistani bado inatengeneza CG125 ya fimbo za valvu, kwa hivyo spea zake zinatoka kiwandani leo, na mali ya Pakistani inafika Dubai kwa wingi. Wakala wa Dubai anayekusanya mizigo ya Mombasa anaweza kuchanganya na bidhaa zake. Kwa Honda C70 vilevile, CD70 ya Pakistani ni nasaba ileile, pistoni ya milimita 47 kwa mpigo wa 41.4. Linganisha namba kwanza, maana si kila kipande kinaingia.

Kisha kuna spea za boda. Injini nyingi za Mchina zilizojaa barabarani zimenakiliwa CG, silinda 56.5 kwa 49.5. Gasketi, sahani za klachi na fimbo za valvu za duka la boda mara nyingi zinakaa. Kemshafti na vifuata-kemu vyake, la. Chuma chake hakina ugumu uleule, uso unachimbika na valvu zinaanza kugonga. Pistoni, kabla hujalipa, pima pini na umbali kutoka katikati ya pini hadi kichwa cha pistoni, uweke kando ya ile ya zamani. Kichwa kikizidi kimo, kitagusa valvu.

Umeme msichanganye. Sumaku ya volti 12 yenye CDI (kifaa cha kielektroniki cha kuwasha plagi) ya boda haiunganishwi na koili za volti 6 zenye pointi (swichi ya kukata umeme ili plagi iwake). Anayebadilisha abadilishe vyote pamoja: sumaku, bamba la koili, CDI, koili ya plagi, regyuleta, balbu na betri. Kwa anayefufua pikipiki kwa uasili wake hiyo si njia, atafute pointi na kondensa mpya kwa namba.

Mkerezaji

Makupa amesema kweli kwenye CG. DT sasa, upande wa silinda, maana hapa ndipo pesa nyingi inapotea.

Nunua pistoni kwanza, silinda ichimbwe baadaye. Kamwe usimwachie fundi wa mashine achimbe "0.50" kisha uende kutafuta pistoni ya 0.50. Pistoni mbili zenye maandishi sawa kichwani hutofautiana kwa sehemu za mia za milimita, na uwazi wa pistoni ya mipigo miwili unahesabika kwa hizo hizo mia. Pistoni hupimwa kwa maikromita chini karibu na ukingo, upande ulio pembe mraba na pini, na silinda inachimbwa kuifuata hiyo kwa uwazi ulioandikwa kwenye kitabu cha modeli yako. Silinda ya DT175 ni milimita 66 ikiwa mpya. Ipime kwanza juu, kati na chini, pande mbili, ndipo uagize saizi. Ikiwa imekwisha chimbwa hadi 1.00, tafuta silinda nyingine ya mnada au uitie sleevu (bomba jipya la chuma ndani).

Silinda ikitoka kwa fundi, pitisha kidole kwenye kingo za milango ya kuingilia na kutokea gesi. Lazima zilainishwe kwa mshazari mdogo. Kingo zikiwa kali kama wembe, ringi inanasa na kuvunjika siku ya kwanza, kisha lawama zote zinamwendea pistoni wa watu.

Ringi zina alama ndogo karibu na ncha, hiyo inatazama juu. Kwenye mfereji wa ringi wa pistoni kuna kipini, na pengo la ringi likae juu yake. Tena angalia umbo: mfereji wa kabari unataka ringi ya kabari. Ringi bapa humo inacheza na kukwama kwa masizi. Mali ya Mjapani huwa na jina la aliyetengeneza ndani ya pistoni au kwenye pakiti: ART, RIK, NPR, TP. Pakiti yenye nembo ya Yamaha lakini namba yake haipatikani kwenye mchoro wowote, iache hapo hapo kwenye meza.

Bandarini

Kuhusu kusafirisha. Mahesabu ya watu wengi huvunjika hapa.

Vitu vidogo vizito, kama pistoni, ringi, sili, jeti (vitundu vya kupitishia petroli kwenye kabureta), konrodi, vije kwa EMS (huduma ya haraka ya posta) au kuria, vyote kwa agizo moja. VAT ya Kenya ni asilimia 16, na inahesabiwa juu ya bei pamoja na usafiri pamoja na ushuru wa forodha, si juu ya bei tupu. Kwa hivyo kuagiza mara nne vipande vinne ni kulipia usafiri mara nne na kodi juu ya kila usafiri. Ankara iandikwe kwa uwazi: spea za pikipiki, namba ya kila kipande, idadi, bei ya kweli. Ikiandikwa "zawadi" au bei ya kuchekesha, mzigo unakaa posta ukisubiri maelezo yako.

Vitu vikubwa vyepesi ndivyo vinavyoumiza. Kuria nyingi hupima ukubwa: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5000. Boksi la tanki la 60 kwa 35 kwa 30 linatoka kilo 12.6 hata kama tanki lenyewe ni kilo tano. Ekzosi ya DT ni mbaya zaidi kwa urefu wake. Kabla ya kulipa mnada, mwombe wakala vipimo vya boksi.

Tanki na kabureta zilizotumika lazima zikaushwe kabisa. Harufu ya petroli ikisikika uwanja wa ndege, mzigo haupandi. Shoku za gesi na betri nazo hukataliwa.

Kuna mtindo wa kutia spea ndani ya gari la mtumba linaloletwa Kilindini. Kwa kitu kisichoorodheshwa kwenye hati za gari huna karatasi ya kuonyesha ni chako. Kikipotea njiani huna wa kumdai, na kikionekana forodhani kinamchelewesha mwenye gari.

Makupa

Shukran Bandarini. Kwa mnada nashauri vitu vya chuma na sura tu: tanki, madigadi, kesi za injini, vishikio, taa. Muuzaji apige picha ndani ya tanki kwa tochi, na chini ya madigadi ambako kromu hutoboka kwanza.

Mpira wa zamani usinunuliwe, hata ukiwa haujafunguliwa pakiti. Sili na o-ringi za miaka arobaini kwenye rafu zimeshakuwa ngumu. Mpira wa kuunganisha kabureta na silinda ukiukunja kidogo unaonyesha nyufa, na ufa huo ni hewa ileile inayogandisha pistoni. Vipande vya mpira vinunuliwe vilivyotengenezwa upya, hata kama si vya Yamaha wenyewe. Hapa uasili hauna faida.

Kisauni175

Nimeelewa jinsi ya kuigawa orodha. Limebaki moja, kabureta. Seti za kufufulia zinauzwa bei ndogo kila mahali, hapa na Grogan. Zinafaa?

Mwana Cheni

Gasketi za bakuli na o-ringi za seti hizo zinafaa kwa muda, mradi hazivimbi kwenye petroli. Ziloweke usiku kucha ujionee. Jeti na sindano, hapana. Namba inaweza kuandikwa 100 na tundu likawa jingine.

DT ina kabureta ya Mikuni, CG ina ya Keihin, na namba za jeti zao hazilingani. Keihin huandika kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, 100 ni milimita moja. Jeti kubwa ya Mikuni yenye pembe sita huhesabiwa kwa kiasi cha petroli kinachopita. Jeti ya kweli ya Mikuni ina alama ndogo ya mraba ndani ya mraba.

Lakini kwanza safisha za zamani kwa kimiminika cha kabureta na hewa, usipitishe waya ndani. Jeti kuu ya shaba huwa haichakai sana. Kinacholika ni sindano ya gesi na jeti inamopanda na kushuka, kwa kusuguana kila unapofungua gesi. Ikiwa injini inalemewa petroli kwenye gesi ya nusu na plagi inatoka nyeusi, huku gesi kamili iko sawa, agiza hivyo viwili pamoja kwa namba na uache vingine vyote mahali pake.