Ami Bakari hajawahi kukopa

Kikundi: Ukoo wa Bi Mize 🌴
Jumamosi

Ami Bakari, 08:12
Assalamu alaykum nyote. Hivi mtu akinunua tuktuk kwa murabaha, hiyo CRB inayoweka rekodi za mikopo ya watu yamhusu nini? Jana kijana wa benki anitaka nitie sahihi wanitazame huko. Nimemwambia nina miaka 61, sijakopa shilingi ya mtu.

Salim, 08:15
Wa alaykum salaam Ami, shikamoo. CRB si daftari la wadaiwa sugu peke yao. Sisi ndio tumezoea kusema "fulani ameingia CRB" kama ameingia kaburini. Tangu kanuni za 2013 benki hupeleka habari za anayelipa na asiyelipa, wote.

Ami Bakari, 08:17
Murabaha si mkopo. Benki yanunua tuktuk, yaniuzia kwa faida, nalipa kidogo kidogo. Riba hamna.

Salim, 08:18
Riba hamna, lakini hiyo kidogo kidogo ya miezi 24 ipo. Hapo ndipo wanataka kukujua.

Ami Bakari, 08:19
Wanijue? Waje Kibokoni waulize. Msikitini wote wanijua.

Mama Fatma, 08:21
Baba Fatma kwani lazima tuktuk? Ile pikipiki ina ubaya gani

Ami Bakari, 08:21
Pikipiki haina breki na wewe wajua.

Salim, 08:26
Ami, mimi yalinikuta. 2019 nilichukua mkopo wa simu nikasahau, hata laini nikabadilisha. 2022 napata kazi ya ghala Changamwe, wanataka cheti cha CRB. Naangalia, nadaiwa 1,340! 2020 Benki Kuu ilisema wa chini ya elfu moja wasipelekwe CRB. Mimi nimekosa hiyo kwa shilingi 340 😭 Nikalipa deni, nikalipa na 2,200 za cheti. Yaani cheti ghali kuliko deni.

Salim, 08:27
Na bado haijafutika. Imeandikwa imelipwa, lakini inakaa humo miaka 5 tangu nilipe.

Ami Bakari, 08:29
Ndio nasema. Asiyekopa hana la kuandikwa.

Zuhura, 08:41
Shikamoo Ami. Huku Minneapolis ni saa sita na dakika arobaini usiku, nimetoka zamu sasa hivi. Hilo la "hana la kuandikwa" ndilo lililonitesa mimi. Nilipofika nilikuwa na kazi, mshahara upo, nyumba nanyimwa kwa sababu sina alama yoyote ya kuonyesha ninavyolipa madeni. Rekodi yangu ya Nairobi hakuna aliyeiuliza. Nikaweka dola 300 benki kama amana, wakanipa kadi ya dola hizo hizo 300. Yaani najikopesha pesa yangu mwenyewe! Nanunua maziwa na nepi, mwisho wa mwezi nalipa zote. Baada ya miezi sita ndiyo alama zikatokea.

Ami Bakari, 08:44
Subhanallah. Kununua maziwa kwa deni na pesa ziko mfukoni.

Zuhura, 08:46
Huku huna budi. Huko nyumbani sidhani mtu akope ili tu afungue faili. Anayelima shamba lake na hataki mkopo wala kazi ya kuombwa cheti, ya nini? Ila wewe Ami wataka tuktuk.

Salim, 08:48
Tena kila mwaka una haki ya ripoti moja bure. Nakuja kwako sasa hivi tuitazame kwa simu.

Mama Fatma, 08:49
Salim leo kuna jua kali mwanangu, njoo kesho

Salim, 08:49
Niko mlangoni 😂

Ami Bakari, 08:55
[picha]

Zuhura, 08:55
AMI FUTA HIYO! Usitume kitambulisho kwenye kikundi!!

Ami Bakari, 08:57
Nimefuta. Nilidhani namtumia Salim.

Salim, 08:57
Ami mimi nimekaa hapa mbele yako

Salim, 09:34
Jamani. Ami ana alama 712. Hizi zinaanzia 200 hadi 900.

Zuhura, 09:34
Alama zinatoka wapi na hajawahi kukopa???

Salim, 09:36
Mikopo ya simu 19. Elfu tatu, elfu tano, elfu nane. Yote imelipwa kabla ya siku yake. Laini inayoishia 06.

Ami Bakari, 09:38
Hiyo ni laini ya duka.

Ami Bakari, 09:38
Mama Fatma.

Mama Fatma, 09:45
Mchele wa dukani hauletwi na dua peke yake. Na hiyo laini tangu 2017 nakwambia twende ukaiandikishe kwa jina langu, wanambia kesho

Ami Bakari, 09:47
Na riba umelipa kiasi gani?

Mama Fatma, 09:48
Tuktuk waitaka au huitaki

Zuhura, 09:50
Ngojeni. Kwa hiyo Mama Fatma amelipa miaka yote hii, na yeye mwenyewe akienda benki Jumatatu kwa kitambulisho chake hana hata mstari mmoja?

Salim, 09:51
Hana. Yote iko kwa Ami.

Zuhura, 09:51
😶

Ami Bakari, 10:06
Salim, pale wanapoandikisha laini, Jumamosi hufunga saa ngapi?