Bolti za vipande vya rola kwenye karasha zinakatika kila wiki, msaada wakuu

mchimbaji_chunya: Wakuu habari zenu. Nina karasha ya rola 2, navunjia mawe ya dhahabu. Rola zimevalishwa vipande vya chuma cha manganizi, kila kipande bolti 2 za M20 (unene milimita 20). Tangu nibadilishe vipande mwezi uliopita wiki haipiti bila kuokota kichwa cha bolti kwenye kokoto, na jana kipande kizima kimeng'oka kikapita katikati ya rola, shafti ikapiga kishindo vijana wote wakakimbia. Nataka nivichomelee moja kwa moja niachane na bolti, mnasemaje?

fundi_mitambo: Usichomelee mkuu nakuomba sana. Hicho chuma alikigundua Robert Hadfield wa Uingereza 1882, kina manganizi kama asilimia 12 hivi, jiwe likikigonga ndo juu panazidi kukomaa, ila ukikipasha moto kupita nyuzi 300 kinakuwa kama kigae, kitapasukia hapohapo pembeni ya weldingi. Kabla ya kufunga ulisafisha rola?

mchimbaji_chunya: Nilipiga brashi tu. Kuna matone ya weldingi ya zamani, na kipande ukikishika kinacheza kidogo.

fundi_mitambo: Basi ugonjwa ndo huo. Kipande kikicheza bolti inapindwa kila rola ikizunguka, ni kama waya unavyoupinda huku na huku mpaka unakatika. Angalia pale ilipokatika, ukikuta mistari kama ya ganda la kome jua imechoka taratibu. Piga grenda matone yote, paka chaki kwenye rola, kalisha kipande kisha kitoe uone chaki imeshika wapi, ishike kote. Weka bolti mpya za 8.8 (daraja la ugumu, limeandikwa kichwani), M20 ikiwa kavu bila mafuta inataka kukazwa kama 400 Nm, yaani spana ya mita 1 na mtu anavuta mwishoni kwa nguvu ya kilo 40. Vunja mawe saa 2, zima, kaza tena, na jioni urudie.

mama_kokoto: Na msivibananishe vipande, acheni upenyo wa milimita 2 au 3 kati ya kimoja na kingine maana manganizi ikigongwa inatanuka, vikigusana vinasukumana vinabetuka na bolti zinakatwa. Halafu toeni mikanda ya mota kabla mtu hajaingiza mkono mle, kuzima swichi peke yake hakutoshi, mwingine anaweza kuja akawasha hajui kuna mtu.

mchimbaji_chunya: Mikanda nimetoa. Nimejaribu chaki kipande cha kwanza, imeshika kona 2 tu. Grenda inaanza sasa hivi, asanteni sana.