Mchaichai wa mapambo njiani unanigeukia njano, nakosea wapi?

bi_kigamboni: Habari za asubuhi wadau. Nimehamia huku Kigamboni mwaka jana, ukoka niliuacha maana unakunywa maji balaa na maji yenyewe nanunua ya boza. Jirani akanigawia mchaichai nikapanda mashina 14 kando ya njia toka getini mpaka barazani, nikajua hili ni jani la kupanda na kusahau. Sasa miezi mitatu, saba ya juani yamenawiri yananesa kwa upepo raha tupu, ila saba ya chini ya mwembe yamekuwa njano na ukivuta jani linatoka lenyewe. Upande ule nilijazia udongo mweusi nikidhani nauneemesha. Kijana anamwagilia kila jioni hakosi. Shida nini jamani?

mkulima_wa_uani: Dada shida ni hiyo "hakosi" 😂 Mchaichai unataka jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji, wewe umeupa kivuli na udongo mweusi unaoshika maji halafu kila jioni ndoo. Ng'oa shina moja unuse chini. Ukishashika vizuri, kwa wiki mara moja kiangazi inatosha, masika usiuguse kabisa.

Mzee Baraza: Na hayo mazima usiyaache yawe kichaka. Yangu niliyaacha miaka miwili nilipokuja kupunguza nikakuta katikati majani makavu yamejaa kama fagio kuukuu, na panya kazaa humo. Kata shubiri moja toka ardhini kabla mvua hazijaanza, linachipua upya. Vaa mikono mirefu, ule ukingo wa jani unachana kama wembe.

tumsifu_88: Si wanasema unafukuza mbu na nyoka? Mi nimepanda chini ya dirisha mbu wako palepale

mkulima_wa_uani: @tumsifu_88 mafuta yanatoka jani likipondwa, likisimama tu hapo mbu anapumzika juu yake. Nyoka ndo usiseme, anafuata panya wa Mzee Baraza.

bi_kigamboni: Nimeng'oa mawili. Chini yameoza meusi yananuka kama karo 🙈 Naweza kuokoa?

mkulima_wa_uani: Yaliyooza tupa. Chukua shina moja kubwa la juani upasue, kila chipukizi libaki na kitako na mizizi kidogo, punguza majani ya juu ndo upande, achia hatua nzima kati ya shina na shina maana litatanuka. Wiki mbili tatu za mwanzo hapo mwagilia, baadaye acha. Chini ya mwembe weka ule ukoka wa majani mapana wanaouita Pemba, kivuli unavumilia na chumvi ya bahari haiusumbui.

bi_kigamboni: Asante sana kaka. Kijana nimemwambia kumwagilia jioni basi, kafurahi kuliko mchaichai wenyewe.