Takwimu zipi zinafaa kuonesha athari ya utafiti wa Kiswahili?

Mhadhiri Mpya
Ndugu zangu, naomba kupandishwa cheo, na kamati inataka nioneshe athari ya utafiti wangu kwa takwimu. Nina makala 9, nyingi zikiwa za Kiswahili. Katika Google Scholar, mtambo wa kutafuta maandiko ya kitaaluma, zimerejelewa mara 41, kipimo changu cha h kikiwa 4. Katika Scopus, hifadhidata ya machapisho ya kitaaluma, zimerejelewa mara 7 tu. Nitumie takwimu zipi bila kudanganya wala kujidhulumu?

Mkutubi
Tofauti hiyo si kosa la mtu. Scopus huhesabu machapisho iliyoyachuja yenyewe, na majarida mengi yanayotoa makala kwa Kiswahili hayamo. Google Scholar hukusanya hata tasnifu na ripoti, ingawa pengine huhesabu rejeleo lilelile mara mbili. Toa takwimu zote mbili, utaje chanzo na tarehe. Kipimo cha h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, kinasema tu kwamba makala zako 4 zimerejelewa angalau mara 4 kila moja. Kwa kuwa hakishuki, humpendelea aliyeanza zamani, na hakifai kumlinganisha mwanaisimu na mtabibu.

Mjumbe Mstaafu
Nimekaa katika kamati za namna hiyo, na kilichonisikitisha zaidi ni waombaji kuleta kipimo cha athari cha jarida kana kwamba ni alama za makala yao. Kipimo hicho huchukua marejeleo ya mwaka mmoja kwa yale yaliyochapishwa na jarida katika miaka 2 iliyotangulia, kisha huyagawanya kwa idadi ya makala za miaka hiyo. Makala chache zilizovuma huweza kuubeba wastani wote. Azimio la San Francisco la mwaka 2013, kuhusu tathmini ya utafiti, lilikataa matumizi hayo. Manifesto ya Leiden ya mwaka 2015, kuhusu matumizi ya takwimu katika kutathmini utafiti, ina kanuni 10, na ya tatu inataka utafiti bora wenye manufaa kwa jamii yake ulindwe, hata usipoandikwa kwa Kiingereza. Inukuu katika barua yako, kisha eleza ni nani anayeitumia kazi yako na anaitumiaje.

Mhadhiri Mpya
Nawashukuru sana. Nimepitia marejeleo yote 41: mawili yamerudiwa, na 14 ni ya tasnifu za uzamili. Makala yangu kuhusu istilahi za ukunga imerejelewa mara moja tu, lakini wakufunzi wa chuo kimoja cha uuguzi huifundishia kila mwaka. Kesho nitawaomba barua ya uthibitisho.