MJADALA: Mtu anayeishi Dar agombee bodi ya AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima) kijijini? Mi nasema ndiyo, nibisheni

Mleta mada

Wakuu habari za jioni. Nina jambo limenikaa kichwani tangu Jumapili nikaona nililete hapa mlichambue, msinionee aibu.

Mi naishi Mbagala, mwaka wa 14 huu niko Dar, nina kaduka ka vifaa vya umeme. Nyumbani ni Newala, Mtwara. Marehemu mzee alituachia shamba la mikorosho ekari 6, mama yupo na mdogo wangu wa kike ndo wanahangaika nalo, mi natuma hela ya palizi na ya mtu wa kupulizia dawa, na msimu ukifika naenda wiki mbili tatu tunaokota wote. Kwenye AMCOS jina ni langu tangu 2016, hisa nimelipa, sidaiwi hata mia. Sasa bodi ya chama inamaliza muda wake na kuna wazee pale kijijini wamempigia mama, afu wakanipigia na mimi, kijana njoo uchukue fomu. Nikaitupa habari kwenye grupu la ukoo, weee, ikawa vita. Nusu wanasema nenda, nusu wanasema we mtu wa Dar utaongozaje chama cha msingi cha Newala, utakuwa unaongoza kwa simu?

Kwa wale ambao korosho mnaijua ikiwa imeshakaangwa kwenye pakti pale foleni ya Ubungo, ngoja niwaeleze inavyoenda maana bila hapo hamtaelewa ugomvi uko wapi. Mkulima anaanika, anachambua, anapeleka kwenye ghala la AMCOS. Pale anakutana na karani na mizani. Zinapimwa, zinaangaliwa ubora, anaandikiwa risiti, basi, kuanzia hapo korosho haiko mikononi mwake tena. Chama kinakusanya za watu wote kinapeleka ghala kuu, zinauzwa mnadani, hela inashuka kupitia chama kikuu, kule kwetu ni TANECU, inafika AMCOS, ndo inaingia akaunti ya mkulima ikiwa imeshakatwa makato yote, ushuru wa halmashauri, wa chama, wa usafiri na mengineyo. Huu ndo mfumo wa stakabadhi ghalani, Mtwara ulianza msimu wa 2007/08. Una maneno mengi lakini wazee waliouza kwa kangomba, yani kwa walanguzi wa mtaani kabla ya msimu, wakati ule hawataki hata kusikia turudi nyuma, unapimiwa kwa kibakuli mwezi wa nane huna hela ya kula, msimu ukifunguka korosho zako zilishakuwa za mtu.

Sasa bodi ndo inayomuajiri yule karani na mhasibu. Bodi ndo inaamua gari la nani libebe mzigo, magunia yanagawiwa vipi, makisio ya mwaka yakoje kabla ya kupelekwa mkutano mkuu. Yani ukiona makato yamenona bila maelezo ujue bodi imelala au imekula.

Misimu miwili iliyopita mama alipeleka magunia matatu. Nyumbani tulikuwa tumeyapima kwa mizani ya jirani muuza mahindi, kilo 231. Risiti ikaja 208. Kuuliza, karani akasema unyevu. Unyevu wa kilo 23! Korosho zimekaa juani siku nne mi mwenyewe nikizigeuza. Bei ingekuwa 3,000 tu, piga hesabu mwenyewe, hiyo ni karibu elfu 70 imeyeyuka pale mlangoni. Na mama ni mmoja, chama kina watu mia tatu na kitu.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Waliopo kule wote wanajuana, karani ni mtoto wa shangazi wa mwenyekiti, mjumbe anadaiwa na mwenye gari, nani atamnyooshea kidole nani? Mi sidaiwi na mtu pale, sikopi kwa mtu, hesabu naijua maana nalala nayo dukani. Masharti ya chama chetu yanasema mwanachama awe mkaaji au awe na shamba ndani ya eneo, na shamba ninalo. Ushirika ni mtu mmoja kura moja, uwe na mikorosho 20 au elfu 2. Nikikataliwa kwa kura sawa, ila nisikataliwe kwa kuwa napanda basi.

Haya, nichaneni.

Mkazi wa Temeke

Gombea kaka, usisikilize grupu la ukoo, magrupu ya ukoo yanafaa kwa michango ya harusi tu. Ila jiandae na usaili maana watu wa ushirika hawapokei fomu tu ukaondoka, wanakukalisha chini wanakuuliza.

Mchoma chips

Elfu 70 tu ndo inakutoa Mbagala? Nauli ya vikao vya mwaka mzima si itakuwa zaidi ya hapo.

Mjumbe mstaafu

Mdogo wangu, shikamoo sijaipata lakini nakujibu hivyo hivyo. Mimi sasa nakaa Chanika kwa mwanangu, ila nimekaa bodi ya chama cha msingi miaka sita huko huko Kusini, wilaya siitaji. Hoja yako ya undugu ni kweli tupu, siipingi. Nakupinga kwenye mizani.

Wewe umesema mwenyewe kilo zilipotea mlangoni. Sasa nikuulize, zilipotea kwenye kikao? Hazikupotea kwenye kikao. Zilipotea saa kumi jioni watu wamejazana, jua linazama, karani amechoka au anajifanya amechoka, mama yako ana magunia kichwani anataka kurudi nyumbani kabla giza halijaingia. Pale ndipo mjumbe wa bodi anatakiwa awepo, amesimama, anatazama ile mizani. Vikao ni mara chache kwa mwaka, unaweza kuja kwa basi. Mizani inafunguliwa Oktoba na inaendelea wiki kwa wiki mpaka huko Januari, na mwizi anaijua ratiba yako ya basi kuliko unavyoijua wewe.

Nakupa mfano wa 2018. Mnafahamu mnada ulivyofunguliwa bei ikawa ya chini wakulima wakagoma kuuza, Novemba Hayati Magufuli akatangaza serikali inanunua zote kwa 3,300, tukaona magari ya jeshi yanakuja kubeba. Bei ilikuwa nzuri, watu walishangilia. Halafu ukaja uhakiki wa mashamba, huyu kalipwa, huyu bado, huyu jina limekosewa herufi moja. Unadhani walikwenda kumuuliza Rais? Walikuja kwangu. Saa tano usiku mtu anagonga, mjumbe hela yetu iko wapi, mtoto anatakiwa shule. Sikuwa na jibu, lakini nilifungua mlango. Nilikaa nao barazani. Wewe wangekugongea wapi, Mbagala?

Na Mei 2024, kimbunga Hidaya, barabara ya Dar kwenda Kusini ikakatika kule Somanga, magari siku kadhaa hayapiti. Ingekuwa msimu?

Jambo jingine vijana hamlijui. Ushirika ulishafutwa nchi hii mara moja, 1976, vyama vyote, mazao yakapelekwa kwenye mamlaka zilizokaa mbali na wakulima, vikaja kurudishwa na sheria ya 1982. Korosho katika miaka ile ilianguka vibaya mno, kutoka tani zaidi ya laki na 40 mwanzoni mwa miaka ya 70 mpaka chini ya elfu 20 katikati ya miaka ya 80. Sababu zilikuwa nyingi, watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa wakaacha mikorosho yao porini, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia na salfa ya kuupulizia hakuna, bei haieleweki. Lakini mimi niliyeona nasema na hili lilikuwamo, waliokuwa wanaamua walikuwa hawaoni shamba. Sasa wewe unataka turudishe maamuzi Dar kwa mlango wa uani.

Posho ya kikao sikutajii, utacheka. Na hela ikipotea wanaitwa bodi nzima kueleza, hata aliyekuwa Mbagala.

Mkazi wa Temeke

Mzee hapo kwenye kugongewa mlango umenimaliza. Nafuta kura yangu.

Dada wa Tandahimba

Nimesoma yote na nashangaa hakuna aliyeona. Kaka mleta mada rudi kwenye aya yako ya pili. Umesema mama na mdogo wako wa kike "ndo wanahangaika nalo". Halafu mstari unaofuata unasema jina la kwenye AMCOS ni lako. Na wewe unakwenda wiki mbili tatu.

Mnabishana wewe na mzee hapo nani anafaa kusimama kwenye mizani, Dar au kijijini, wakati ndani ya nyumba yako kuna mtu anayeishi kijijini, anayelijua shamba, anayepeleka magunia, na ambaye hata kwenye mkutano mkuu hawezi kunyoosha mkono kwa sababu si mwanachama. Hilo hamlioni kabisa!

Kwetu ni hivyo hivyo. Mwanamke anaamka saa kumi na moja, anaokota, anakamua mabibo, anaanika, anachambua mbovu, anabeba. Mume au kaka anakuja siku ya malipo na kadi ya benki. Mimi nilipambana miaka mitatu kupata namba yangu mwenyewe ya uanachama, mume wangu alidhani nataka kumuacha. Sasa hivi ndo ananituma mimi vikaoni, anasema nabishana vizuri. Kwa hiyo usiniulize kama mtu wa Dar agombee, niambie kwanza kwanini mdogo wako asigombee.

Mchoma chips

Dada kapiga msumari ukutani kabisa, mleta mada kimyaaa.

Mleta mada

Sijakimbia, nilikuwa nafunga duka.

Mzee wangu shikamoo sana. Kuhusu mlango wa kugongewa sina jibu, naomba nikiri. Nilikuwa nimejipanga kusema kwamba ningechukua likizo ya duka Oktoba mpaka Desemba nikae kule, lakini nikipiga hesabu ya kodi ya fremu na kijana wa kumuachia, na huyo kijana mwenyewe juzi tu kauza soketi za elfu 8 kwa elfu 5, naona najidanganya. Ila hapo kwenye "kurudisha maamuzi Dar" umenionea mzee. Wale wa miaka ile walikuwa wameteuliwa, mi naomba kura na naweza kunyimwa, na kilo zilizopotea zilikuwa za mama yangu. Hilo silirudishi nyuma.

Dada wa Tandahimba, umeniuma. Nimempigia mdogo wangu saa ile ile nimesoma, nikamuuliza kwa utani, we unaonaje ugombee bodi. Akanyamaza. Afu akaniambia kitu ambacho sijawahi kukisikia, kwamba 2021 alikwenda ofisi ya chama kuomba kujiunga, wakamwambia shamba lina jina la kaka yako, mlete kaka yako au alete barua. Hakuniambia. Nikamuuliza kwanini hukuniambia, akasema, ungeandika? Nikasema ningeandika. Akasema haya.

Hiyo "haya" mnaijua wenyewe.

Na akaniambia kingine. Zile kilo 23 za mama, mi nilidhani hakuna aliyepiga kelele siku ile. Kumbe alipiga. Alisimama pale mlangoni akasema mnatuibia, karani akamuuliza we mwanachama namba ngapi?

Mambo ya shamba ni ya ukoo, tuna kaka mkubwa Masasi na mashangazi, sitaki mseme nimekata ardhi kwa meseji. Lakini ekari 2 za upande wa kisimani ni yeye mwenyewe aliipanda ile mikorosho mipya, hata mama anakiri, na kwa hizo nimeandika barua leo nikaipiga picha nikamtumia, ya mkono naipeleka stendi kesho alfajiri iende na basi. Kiingilio na hisa nimemtumia kwenye simu. Kwa uchaguzi huu amechelewa, bodi hawawezi kumpokea akiwa mwanachama wa siku tatu, na wazee waliniita mi si yeye.

Fomu zinafungwa Ijumaa. Mama anasema niende. Mdogo wangu nimemuuliza niende au nisiende, kasema nikienda nimletee na viatu vya mvua namba 38, mengine tutaongea. Sasa mzee, na wewe dada, kama nikichukua fomu na yeye ndo akawa anashinda pale kwenye mizani kama mwanachama wa kawaida, karani ana haki ya kumfukuza? Hilo nataka mtu anayejua masharti anijibu kabla ya kesho jioni.

Mjumbe mstaafu

Marahaba. Hana haki. Mwanachama anaruhusiwa kutazama mzigo wake ukipimwa. Ila asimame na wenzake wawili watatu, peke yake watamchosha. Na hiyo barua weka sahihi ya mashahidi, picha ya simu karani atakwambia haionekani vizuri.