Ndugu wawili kutoka Khartoum, hawajui Kiswahili: tuanzie wapi?

Mwl_Bondeni (Nakuru)
Hamjambo. Familia moja mtaani imepokea watoto waliotolewa Khartoum, wazazi wamebaki. Msichana ana miaka 10, mdogo wake wa kiume 6. Mama mlezi amepiga marufuku Kiarabu nyumbani ili wazoee haraka. Kuna anayeshauri watenganishwe, kila mmoja na nyumba yake, waache kung'ang'aniana. Msichana inasemekana alikuwa hodari, lakini hapa anapata sufuri kwenye hesabu. Naomba mwongozo.

NyarKondele
Mwalimu, sahihisha upya hilo daftari. Watoto wengi wa Sudan hufundishwa tarakimu za Kiarabu: tano ni ٥, ambayo kwetu inasomeka sufuri, sita ni ٦, inafanana na saba, sufuri yenyewe ni nukta. Huenda jibu ni sahihi na wewe umelikata. Bandika kwenye dawati lake kadi ya 0 hadi 9 kwa mifumo yote miwili, mpe hesabu za namba tupu, kisha ndipo upime kiwango chake. Mafumbo ya maneno yasubiri. Atafungua daftari kutoka nyuma pia, maana Kiarabu huandikwa kuanzia kulia. Muonyeshe bila kumkaripia.

Na msimshushe gredi ya 1 kwa sababu ya lugha. Mtoto wa miaka 10 akiketi na wa miaka 6 huona aibu, hunyamaza, na Kiswahili chenyewe hakiji.

Mlezi_Kakamega
Kuwatenganisha, hapana kabisa. Huyo dada ndiye kitu pekee cha nyumbani alichobaki nacho mdogo wake.

Kuhusu marufuku ya Kiarabu, tazameni yaliyowapata watoto wa Ufini. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia takriban 70,000 walipelekwa nchi jirani, wengi wao Uswidi, wakiwa na vibandiko vya majina shingoni. Walitunzwa vizuri, wakashika Kiswidi. Vita vilipoisha, wengi wa wale wadogo walirudi wakiwa wamesahau Kifini, wasiweze kuzungumza na mama zao. Huyu wa miaka 6 yuko kwenye hatari hiyohiyo. Kila jioni dada amsomee au amsimulie kwa Kiarabu, hata nusu saa. Kiswahili watakipata uwanjani wakicheza.

Wazazi watume ujumbe wa sauti, nanyi mhifadhi kila mmoja kwenye simu. Mtandao wa Sudan hukatika, na mtoto asiposikia sauti huamini mzazi amekufa. Mwelezeni mapema kwamba kimya cha simu si habari ya msiba.

Mwl_Bondeni
Shukrani sana. Mdogo anakojoa kitandani na anaficha chapati chini ya mto. Mama amechoka.

Mlezi_Kakamega
Yote mawili hutokana na hofu. Asipigwe, asiaibishwe mbele ya wenzake. Karatasi ya nailoni juu ya godoro, aende choo kabla ya kulala. Chakula msimnyang'anye: mpeni mkebe wake wenye mfuniko, ujazwe kila jioni mbele yake. Akishaamini kesho kuna chakula, ataacha kuficha. Fataki za Diwali zikikaribia hapo Nakuru, mwambieni mchana ni nini kitakacholia usiku.

Dada naye asigeuzwe mama wala mkalimani wa kila jambo. Anahitaji kucheza.

Karatasi_Kisumu
Naongeza ya makaratasi. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo ajulishwe, kisha waandikishwe na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Wasudani huandika jina la mtoto, la baba, la babu. Hakuna jina la ukoo kama wengi walivyozoea hapa. Karani akiandika Mohamed kwa mmoja na Muhammad kwa mwingine, ndugu wataonekana si ndugu. Chagueni tahajia moja itumike shuleni, hospitalini na kwenye usajili, na mwandike pia kwa herufi za Kiarabu. Mawasiliano na wazazi yakipotea, Msalaba Mwekundu wa Kenya una huduma ya kutafuta jamaa. Watahitaji majina hayo matatu, mtaa wa Khartoum na mahali walipoonana mara ya mwisho. Andikeni sasa, msichana angali anakumbuka.